Ndeshi, Sijakuambia Ufaulu

Ndeshi mwanangu,

Usiisome barua hii kabla basi halijapita Kikatiti. Nakujua. Ukiisoma mapema utamwomba dereva asimame, ushuke ukajifiche nyuma ya migomba ya bibi yako, na atakayelaumiwa na mama yako ni mimi, kama kawaida ya nyumba hii. Tulia kwanza. Tafuna karanga. Mkishaiacha Kikatiti nyuma, fungua.

Haya, umeshafungua. Hata Tengeru hujafika. Una kichwa kigumu, na sitajifanya sijui ulikitoa wapi.

Sitakuandikia habari za sanduku, wala za kutoongea na abiria usiyemjua, wala za sweta. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima na atayasema tena kesho stendi kupitia dirishani, gari likiwa linatembea. Mimi nina jambo moja tu, ila najizungusha. Utanivumilia. Mtu aliyeishi kwa mdomo akipewa kalamu huwa kama ng'ombe aliyepewa baiskeli.

Juzi ulikuwa uani unafua soksi. Nikapita. Ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, kila mtu ananiambia nifaulu. Mchungaji kasema, mama kasema, hata yule wa maziwa kasema. Wewe hujasema."

Nikakujibu, "Mimi ni profesa. Profesa hatoi majibu kabla ya mtihani."

Ukacheka. Lakini ulicheka kwa meno tu, halafu ukaendelea kusugua soksi ileile iliyokuwa imeshatakata. Nikaondoka napiga mluzi. Nilikwenda mpaka dukani na sikununua kitu.

Ndeshi, sijakuambia ufaulu kwa sababu najua hesabu ya safari hii vizuri kuliko mnavyodhani. Chuo cha huko Uingereza kimeshakukubali kwa kila kitu, kimebakiza masikio yako tu. Jumamosi utakaa kwenye chumba kule Dar, watawasha kanda, Wazungu wataongea, na wewe utajaza majibu, na matokeo watawapa jioni ileile. Ukifaulu, hurudi Arusha. Utabaki kwa shangazi yako mpaka siku ya ndege, maana nauli ya kuja kutuaga mara ya pili ni upuuzi, mama yako kasema na yuko sahihi. Ukifeli, utapanda basi lilelile kurudi Olasiti, uwe unamkunjia mama yako mashati ya mitumba. Kwa hiyo kesho nitakuwa stendi namuaga mtu wa siku chache au mtu wa miaka, na sijui yupi. Mama yako anapakia sanduku la miaka. Mimi kila nikilitazama naliona la siku chache.

Sasa nikueleze mtu anayekuandikia ni nani, maana wewe unamjua baba tu, na baba ni sehemu ndogo ya jambo hili.

Nilitoka shule nikiwa kidato cha pili. Si kwa ujinga. Shule ndiyo ilishindwa kunifuata, mimi nilikuwa na mwendo. Ilikuwa ile miaka maduka yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni na sukari tukaamka siku moja tukakuta mjini kuna kila kitu: redio za mikanda miwili, viatu ambavyo aliyevivaa kwanza alikuwa mtu wa Ulaya, na wageni, wageni, wageni, kila mmoja na kamera shingoni. Kila mwenye kiti akawa na kampuni ya safari. Asiye na kiti akawa wakala wake. Mimi sikuwa na kiti wala ofisi, nikaanzisha kampuni ya mdomo. Wakatuita flaikacha, kwa kuwa tuliwanasa wageni barabarani kama ndege anavyonasa nzi. Mgeni akishuka kwenye gari, kabla unyayo wake haujatulia chini, mimi nilikuwa nimeshamuuliza hali ya mama yake.

Na nilikuwa hodari. Muulize yeyote pale mnara wa saa. Washkaji walinibatiza Profesa, na hawakuwa wananidhihaki, au labda walikuwa wananidhihaki lakini kwa heshima. Kiingereza changu kilikuwa kama koti la mitumba, mikono ya mtu mmoja na kola ya mwingine. Kipande nilikipata kwa Mjerumani, kipande kwa mtawa mmoja mzee, kipande kwa dereva aliyefukuzwa kazi. Lakini lilikuwa koti, na lilinikinga baridi. Ndilo lililomvuta mama yako pia, usimwamini akisema ni kanisa.

Nilikupata ndevu zangu zikiwa bado hazijaamua kama ziote au zisiote. Siku zile wanaume wenzangu walirudi nyumbani na nyama kwenye gazeti. Mimi mara nyingi nilirudi na neno. Unakumbuka? Uliporudi kutoka kwa bibi kuanza shule, ulikuwa unanisubiri mlangoni, "Baba leo umeleta nini?" Nakuambia, leo nimeleta mwavuli. Leo nimeleta blanketi la ziada. Leo nimeleta "je, kuna maji ya moto?" Hakuna mtoto Olasiti aliyejua kuulizia maji ya moto kwa Kiingereza kama wewe, na nyumba yenyewe haikuwa hata na bomba. Mama yako alikuwa anasonga ugali pale anasema, "Baba Ndeshi, hilo neno tunalichemsha au tunalikaanga?"

Nilidhani nimekupa Kiingereza chote. Halafu ukaanza pale kituo cha masomo, ukaja na kitabu cha maneno ya chuoni, na nikagundua kuwa wageni wangu wote walikuwa watu wa likizo. Hakuna aliyewahi kuniambia habari za muhula, wala za kukabidhi kazi mwisho wa mwezi, wala za kadi ya maktaba. Lakini profesa hakubali. Uliponiuliza lendiledi ni nani nilikuambia ni mke wa mwenyekiti wa kijiji, yule anayegawa ardhi. Ukarudi kesho yake umekunja uso.

"Baba, lendiledi ni mama mwenye nyumba ya kupangisha."

"Si ndicho nilichosema? Ardhi na nyumba ni ndugu."

"Hukusema hivyo, baba."

"Hukusikiliza vizuri. Ndiyo maana unafeli kusikiliza."

Tulicheka sana siku ile. Lakini niseme ukweli, neno lile la mwisho halikuwa la kucheka. Maana katika nyumba yetu asiyejua kusikiliza hakuwa wewe.

Unaijua ile hadithi ya babu wa Kizungu niliyembeba mgongoni kutoka kwenye maporomoko. Umeisikia mara nyingi mpaka unaisimulia kwa rafiki zako, na kila mwaka mzee anaongezeka uzito. Yote ni kweli. Nilimbeba kweli, na alikuwa mzito kama gunia la mahindi. Kipande ambacho huwa nakiruka ni cha mwanzo.

Walikuwa mzee na mkewe, Waingereza, wapole. Niliwanasa pale mjini nikawaambia nitawapeleka kuona maji yanayoanguka mlimani Meru, njia ya miguu, juu ya mashamba ya kahawa. Yule mama akaniambia kitu, ameweka kiganja kwenye kifua cha mumewe. Nikaona wanapendana. Nikasema, "Yes. No problem." Akasema tena, polepole, mkono uleule kifuani. "Yes, yes. No problem." Tulipofika chini ya kilima akasema mara ya tatu, na uso wake haukuwa wa kupendana. Mimi nikamjibu vilevile, maana flaikacha akisema hajaelewa, mwenzake aliyesimama nyuma yake anamchukua mgeni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu ya kazi. Kubali kwanza, mengine utajua mbele ya safari.

Mbele ya safari mzee alikaa chini kwenye majani, midomo imekuwa ya buluu. Ndipo nikajua kiganja kilikuwa kinasema nini. Nikambeba, nikateremka naye mbio mpaka shambani, watu wa kahawa wakatupatia gari, na Mungu akanihurumia, mzee akapona. Nilipokwenda kuwaona hotelini yule mama alinivutia kiti bila hasira. Akaniambia, "Nilikuambia mara tatu, na mara zote ulisema ndiyo. Ungesema hujaelewa, ningekuambia mara ya nne."

Ile ndiyo sentensi ya kwanza ya Kiingereza niliyoielewa yote.

Kwa hiyo shika hili, na mengine ukiyaacha si neno. Ile kanda ya mtihani ina roho ngumu, inasema mara moja na kupita. Watu si kanda. Kule chuoni watasema maneno ya haraka, watacheka jambo usilolijua, mhadhiri atataja siku ya kukabidhi kazi huku anafuta ubao, na ndani yako atainuka flaikacha mdogo, damu ya baba yako hiyo, akuambie sema ndiyo, wasije wakakuona mshamba. Usimsikilize. Mwambie mtu, "Samahani, sijaelewa, rudia." Atarudia. Na akikataa kurudia, huyo hukuwa unamhitaji.

Sasa nije kwenye lile la kituo, ambalo hatujalizungumza tangu limalizike.

Bibi yako, mama yangu, ni Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima aliyekuja kuolewa kwa Wameru. Kwao mtu akizungumza, anayesikiliza humwitikia. Anasema kipande, anapumua, unasema "ee". Anasema kingine, "ee". Usipoitikia ananyamaza, kwa kuwa mtu mzima haongei na ukuta. Wewe ulilelewa kwake mpaka umri wa kuanza shule, ukanyonya "ee" pamoja na maziwa ya mtindi. Hatukuiona kuwa kitu. Nani anaona pumzi yake?

Halafu ile jioni ya kwanza ya jaribio pale kituoni, kwenye kile chumba juu ya duka la vipuri, Madam, mwalimu wenu, akawasha redio, mkakaa mmeinama kwenye karatasi. Bwana wa kwenye kanda akasema maktaba ya chuo iko nyuma ya ukumbi, akapumua. Ukamwitikia, "Ee." Akasema wanafunzi wapya waje na picha mbili, akapumua. "Ee." Uliniambia mwenyewe kwamba hukujua hata kuwa mdomo umefunguka. Kijana mmoja nyuma yako akasema, "Dada, huyo haongei na wewe." Chumba kizima kikaanguka kicheko. Madam akazima redio, akauliza kwa ukali nani anajibizana na mashine.

Ulirudi nyumbani ukakaa karibu na jiko na koti lako mwilini. Ukanieleza. Na mimi, Ndeshi, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wiki ile ukiomba chumvi nasema "ee", ukiuliza taa iko wapi nasema "ee". Nilidhani utani unaponya. Mimi utani ndio uliokuwa umeniponya kila jeraha, au ndivyo nilivyoamini, kumbe ulikuwa unayafunika tu.

Ukaacha kuitikia. Si kwenye kanda peke yake. Mtu akikusemesha ulikuwa unamtazama mdomo wake kama unatazama maji yanapita. Alama zako kule kituoni hazikupanda, zilishuka. Kisha tukaenda Kikatiti, bibi yako akaanza kukusimulia alivyokuja kuolewa, alivyotembea na ndama wawili na mmoja akagoma kuvuka mto. Akasema kipande, akapumua. Kimya. Akasema kingine. Kimya.

Akauliza, "Ndeshi yuko wapi?"

"Niko hapa, bibi."

"Hapana. Hapa amekaa mtu mwingine."

Hakumaliza hadithi. Akainuka akaenda kuwatazama mbuzi ambao walikuwa hawana shida yoyote. Na wewe ulibaki kwenye kigoda na mikono katikati ya magoti, na mimi Profesa, mwenye maneno ya kuuzia mlima, nikatoka kwenda kuwatazama mbuzi haohao.

Mama yako ndiye aliyenisema tulipofika nyumbani. "Umemfunga mtoto mdomo, na hujui kuwa kwa huyu mtoto mdomo na masikio ni mlango mmoja."

"Sasa nifanyeje? Mtihani hawataki kelele."

"Aitikie kwa mkono. Sisi tukienda kununua marobota ya mitumba, mnadi anaita bei, unafikiri tunamjibu kwa sauti? Ukitoa sauti umeshanunua. Tunaitikia kwa nyusi, kwa kidole, na hakuna tunachokosa."

Ndipo ukaanza kuweka nukta. Bwana wa kanda anapumua, wewe penseli yako inagusa pembeni mwa karatasi, nukta. Anasema, anapumua, nukta. Karatasi zako zikawa kama zimenyeshewa manyunyu. Na alama zikaanza kupanda kama maharage yaliyopata mti. Mtaani huwa nawaambia watu kuwa ile mbinu ni yangu. Usiwasahihishe, nimeshawaahidi watatu kuwafundishia watoto wao.

Na bibi yako ulimrudishia sauti yake. Siku uliyokaa tena kwenye kile kigoda na kusema "ee", alianzia palepale ndama alipogoma, kana kwamba alikuwa amemwacha mtoni muda wote akisubiri.

Hiyo ndiyo habari ninayojivunia. Inayofuata sijivunii.

Alama zilipoanza kupanda, niliogopa. Nilikuwa nakusikia kwenye chumba chako kanda inaenda na kurudi, inaenda na kurudi, na kila ulipotoka unatabasamu nilijua kuna basi linawashwa mahali. Ulipokuja mgao wa umeme ukaniuliza kama nina betri za redio, nikakuambia zimekwisha mjini. Mji huu wenye betri kwenye kila meza ya kona. Ukaamini. Betri zilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Kwa siku kadhaa ulikuwa unakaa na kitabu dirishani mpaka mwanga unazimika, unajisomea mazungumzo kwa sauti, unafanya sauti ya mwanafunzi halafu unafanya sauti ya karani, unauliza na kujijibu. Siku moja nikasikia karani wako anasema, "Pole, binti, hatuna nafasi," na mwanafunzi wako akasema, "Basi nitasubiri." Sentensi hiyo haikuwa kitabuni. Nilikwenda nje, nikazunguka nyumba, nikaingia tena nikasema nimezipata betri kwa mtu wa Terrat kwa taabu kubwa. Ukanishukuru. Ukasema, "Baba, bila wewe ningefanyaje." Nimebeba shukrani ile kama mtu aliyebeba mzigo wa wizi.

Leo mmekwenda Kikatiti, wewe na mama yako, ukamuage bibi. Nyumba imebaki na mimi na kuku. Mlima uko wazi, hakuna wingu hata la kuazima, na mimi sikutoka kwenda mjini ingawa ni msimu wa wageni. Nimeingia chumbani kwako. Kitanda umekitandika kama cha hospitali. Nikachukua redio, nikaweka ile kanda yako ya mazungumzo ya chuoni, nikachukua na karatasi. Nikasema wacha na mimi nifanye mtihani, nione ni kitu gani hiki kinachoninyang'anya mtu.

Nilipata mengi, kwa taarifa yako. Basi la chuo linasimama mbele ya duka la vitabu, nilipata. Mkutano umehamishiwa Alhamisi, nilipata. Halafu ikaja ile ya msichana anayetafuta chumba. Unaijua. Anaingia ofisini, anamsalimu mama wa vyumba. Mama anamwambia vyumba vimejaa, kimebaki kimoja, kidogo, jiko ni la kuchangia, dirisha linatazama mahali pa kuegesha magari. Swali linauliza dirisha linatazama wapi. Nimeandika, nimepata. Lakini yule msichana, kabla ya kusema nakichukua, ananyamaza kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayeshusha begi chini kubadili mkono. Kitabuni hakuna swali linalouliza kuhusu ule ukimya.

Nikarudisha kanda nyuma nikamsikiliza tena. Kisha tena. Amesimama pale mwenyewe. Katika kanda nzima, Ndeshi, pande zote mbili, wako makarani, wahadhiri, madereva, watu wa benki, lakini hakuna mzazi hata mmoja. Hakuna mtu anayemwambia mwenzake pole na safari. Mara ya mwisho alipofika pale aliponyamaza nilijikuta nimemwitikia. "Ee," nikasema, kwa sauti, peke yangu chumbani. Kisha akasema anakichukua chumba, na sauti yake ilikuwa imara, nikafurahi kama vile nimemzaa mimi.

Ndipo nikaona upumbavu wangu. Nilikuwa nakutakia uendelee kubaki msichana wa mashati kwa sababu sitaki kusikia nyumba bila wewe. Nyumba kweli itakuwa mbaya. Nitarudi na maneno na sitakuwa na wa kumpa. Mama yako atayakaanga. Asubuhi za mawingu nitakohoa mlangoni kwako kama ninavyofanya, ili uamke, na nitakumbuka kuwa nakohoa bure. Hayo ni yangu. Siyo mzigo wa kuweka kwenye sanduku lako, na nilikuwa nakaribia kuuweka.

Ukifika, usiniandikie "huku kwema" mpaka kuwe kwema. Ukiwa na baridi andika una baridi. Ukiwa na jirani anayekusumbua andika jina lake, nitamtukana kwa Kimeru kutoka hapa, haisaidii lakini nitalala. Ukiona kuna kitu wanakifanya vizuri kuliko sisi, kichukue bila aibu. Ukimpata kijana, mwambie baba yako ni profesa. Usieleze zaidi.

Na ukifeli Jumamosi, rudi ukiwa umenyoosha shingo, sitacheka. Nimejifunza. Tutanunua betri tele na tutaanza tena, na safari hiyo mnadi wetu atakuwa mama yako. Lakini hilo silo ninalolitaka, na nataka unisikie vizuri, maana nalisema mara moja.

Nasikia lango. Mama yako anamlalamikia mtu kuhusu mkungu wa ndizi mliopewa, kwamba hauwezi kuingia kwenye basi la Dar, na wewe unasema utaubeba mapajani. Mna kelele. Natakiwa niikunje karatasi hii kabla hujaingia.

Faulu, Ndeshi. Sitaki urudi Jumapili. Faulu, uende mbali, ukakichukue hicho chumba. Nimeandika kwa wino, na kifutio cha wino sina.

Nimekushika mkono mpaka hapa,
Baba